Amri Moja kwa Mashine Zote

Foleni ya vafli, zile keki bapa za kupakwa jamu, katika kantini ya chuo, mjini Trondheim, Norway, ilikuwa imefika mlangoni siku Sunniva alipogeuka ghafla na kumpaka jamu kifuani kijana aliyekuwa nyuma yake. Sweta lake lilikuwa la sufu, jeupe, limefumwa kwa mkono.

"Maskini mimi! Samahani sana."

"Usijali, lilikuwa linahitaji rangi," akasema Torbjørn, akailamba jamu ile kidoleni.

Basi wakacheka, na haikuchukua muda wakapendana. Torbjørn alitunza kompyuta arobaini za chuo zinazofanya kazi kwa kushirikiana. Sunniva, mwenye koti jekundu na nywele zilizosukwa mkia mmoja, alizipa hesabu zake za barafu ya baharini. Zikikamilika kufikia Ijumaa, kazi aliyoomba mjini Zürich, Uswisi, ni yake. Zisipokamilika, anapewa mwingine.

"Natamani zisiishe," Torbjørn alimtania.

"Mchawi wewe!"

Jumatano mchana mashine moja ikazubaa. Watu wa kazi ile wana desturi: kwanza unazisalimu mashine, unaona zipi zimeitika, ndipo unatuma amri. Lakini Sunniva alikuwa kwenye simu anamchekesha, Torbjørn akairuka salamu. Akatuma amri ya kuzima na kuwasha upya. Mahali pa jina la mashine ile mbovu, alikuwa ameacha neno la kazi ya asubuhi: zote.

Feni zilizokuwa zikivuma zikanyamaza kwa pamoja.

"Mpenzi," Sunniva akasema polepole, "hesabu zangu zimekatika. Umefanya nini?"

"Nimezima zote. Nimekosea, nilikuwa..."

"Umekosea? Si ulisema unatamani zisiishe! Hutaki niondoke!"

Simu ikakatwa. Torbjørn akapiga tena, na tena; haikupokelewa.

Mashine zilipoamka, akazisalimu kwanza. Zote zikaitika. Kisha akatuma amri moja tu: kila mashine itafute ndani yake mabaki ya kazi ya Sunniva. Kumbe kila moja ilikuwa imejiwekea nakala alfajiri! Majibu ya kijani yakashuka kwenye kioo, naye akaziendesha hesabu kuanzia pale zilipofikia.

Ijumaa jioni Sunniva akaingia mbio chumba cha mashine, vifungo vya koti viko wazi, hata pumzi hana.

"Zimekamilika asubuhi! Zürich wamenichukua!" Akamkodolea macho. "Torbjørn, ulijua zikikamilika naondoka?"

"Nilijua."

"Na bado ukazirudisha?"

"Ni zako, kipenzi. Nikuzuie kwa kukuharibia?"

Sunniva akakaa chini, palepale sakafuni.

"Basi nioe."

"Nini?"

"Umesikia. Nioe, twende wote. Kama hutaki sema sasa hivi, nikalie huko njiani."

Torbjørn akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, akaendelea kuitikia, mpaka Sunniva akainuka na kumshika mashavu ili atulie.