Unga wa Chini ya Debe

Kila Jumamosi saa saba mchana, kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya stoo kiligongwa, na watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu, wakatoka na vyombo vyao kwenda kupokea posho. Shamba hilo la kahawa lilikuwa kando ya mto Ruiru, na mwaka ulikuwa 1957. Aketch, msichana wa miaka kumi na miwili, alisimama kwenye foleni pamoja na mama yake, Selpha, akishikilia gunia lililotiwa viraka mpaka hakuna aliyejua rangi yake ya kwanza.

Posho yenyewe ilikuwa unga wa mahindi wa kutosha juma moja, lakini juma halikuwahi kuisha na unga wote ukiwa salama. Panya wa laini walikuwa wakubwa na wala heshima hawakuwa nayo. Walitoboa gunia usiku wa kwanza, fukusi wakaingia usiku wa pili, na ikifika Alhamisi Mama Selpha alikuwa akichekecha na kusonya.

"Yawa! Ningepata debe moja tu lenye mfuniko," alisema kila juma. "Moja tu, hawa panya wangenijua mimi ni nani."

Madebe mazuri yalikuwepo, tena mengi. Baba yake Aketch, Nicanor Opiyo, alikuwa mmoja wa wapiga dawa, wale waliobeba mabomba mgongoni na kunyunyizia mikahawa dawa ya kuua wadudu. Dawa ilikuja katika madebe mapya yenye mfuniko mpana wa kubana. Ilipokwisha, mzee Ndambuki, mtunza stoo, aliyatoboa kwa sururu na kuyafukia katika shimo nyuma ya stoo. Hakuna aliyewaeleza watu wa laini sababu. Wao walijieleza wenyewe: huo ni uchoyo tu, wenye shamba hawataki maskini apate hata debe.

Julai ile ilikuwa ya baridi na manyunyu, na jua lilionekana kwa kubahatisha. Siku moja Aketch alitumwa kumpelekea baba yake chakula. Alipopita nyuma ya stoo, aliona madebe matatu yakingoja kutobolewa, na mzee Ndambuki amekwenda kula. Aketch alitazama huku na huku. Alichukua moja, akalifunika kwa kanga, akashuka nalo mtoni. Huko alilisugua kwa mchanga na majivu mpaka picha nyekundu ya fuvu la kichwa ikatoka, likabaki bati tupu kama debe lolote la mafuta, na mikono yake ikamwasha.

"Umelitoa wapi?" mama yake aliuliza, macho yakimng'aa.

"Nimepewa na yule Mhindi wa duka kule Ruiru. Lilikuwa la mafuta ya kupikia."

Mama Selpha alicheka, akampigapiga mgongoni. "Nyara, binti yangu, wewe una akili kuliko watu wazima wa laini hii yote." Aketch hakuwa amesifiwa hivyo siku nyingi. Uongo ule ulikuwa mtamu, na alijiambia kwamba debe ni debe.

Panya walishindwa kweli. Lakini Ijumaa iliyofuata, Dismas, mdogo wake wa miaka minne, alitapika baada ya kula. Alitokwa na jasho na baridi yote ile, na mate yakamchuruzika mpaka kifuani. Mama alisema ni minyoo, akamnywesha maji ya mwarobaini. Kufikia Jumatatu mtoto alikuwa akikimbizana na kuku.

Ijumaa ya pili mambo yalizidi. Dismas alitapika tena, na mama mwenyewe akashikwa na kichwa na kizunguzungu. Jioni hiyo jirani yao, Mama Kalondu, alikuja kuomba unga kidogo. Posho yao ilikuwa imekwisha, kwa sababu walikuwa na mgeni, nyanya wa binti yake Kalondu, kutoka Machakos, ambaye watoto wote wa laini walimwita Susu, yaani nyanya, kama wajukuu wake mwenyewe. Susu hakuwa na meno, na chakula chake kilikuwa uji tu.

"Chukua, dada," Mama Selpha alisema, akakwangua chini ya debe kwa kijiko mpaka bakuli likajaa. Aketch ndiye aliyelipeleka bakuli hilo.

Asubuhi Susu alikuwa amefariki. Watu walikuja, wakalia, wakasema umri ulikuwa umefika. Kalondu, rafiki mkubwa wa Aketch, alikaa mlangoni amejifunika shuka ya nyanya yake. Aketch alikaa naye. Hakujua lolote siku hiyo.

Jumanne, Bwana Afya, mkaguzi wa afya wa serikali, alifika kwa baiskeli kutoka Thika. Jina lake lilikuwa Ephantus Kagwe, mtu mfupi mwenye kofia ngumu na daftari nene. Nyapara alikuwa amepeleka habari kwamba watu wa laini wanatapikatapika. Bwana Kagwe aliingia nyumba hadi nyumba, na maswali yake hayakuwa na haraka.

"Nani ameumwa? Alikula nini? Alishika nini? Ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa," Mama Selpha alijibu. "Ile nyingine pia, Ijumaa."

Bwana Kagwe aliinua kichwa. "Malaria haijui Ijumaa, mama. Minyoo nayo haina kalenda. Ugonjwa huu umepitia mlango fulani, na kazi yangu ni kuutafuta mlango huo." Kisha akamgeukia Baba Nicanor. "Wewe unapiga dawa. Unaoga kabla ya kumbeba mtoto?"

"Bwana, maji ya mtoni ni baridi," baba alisema, akitazama miguu yake. "Naoga Jumapili."

"Dawa ile inapita kwenye ngozi, Opiyo. Inakaa kwenye nguo. Kuanzia leo uoge kazini, na nguo za kazi zisiingie humu. Lakini hilo peke yake halinitoshi, maana unapiga dawa siku sita, na watu wanaugua siku moja." Alizungusha macho chumbani, na yakatua juu ya debe. "Na hili?"

"Binti yangu alipewa Ruiru. Lilikuwa la mafuta," Mama Selpha alisema kwa fahari.

Bwana Kagwe aliinama, akalinusa, akasikia harufu ya majivu na unga. Alimtazama Aketch. "Ni kweli, mwari? Lilikuwa la mafuta?"

Aketch aliangalia debe. Baba yake alikuwa palepale, na mama anatabasamu. "Ni kweli," alisema.

Alipotoka, Bwana Kagwe alipita kwa Mama Kalondu na kuandika jina la Susu pia. "Huyo alikuwa mzee tu," nyapara alimwambia. Bwana Kagwe aliendelea kuandika. "Mzee naye anaumwa kama mwingine," alisema.

Tangu siku hiyo Aketch hakuwa na raha. Jumatano alifunua debe akaona unga umekaribia kwisha, maana juma hilo waliwapikia pia waombolezaji wa Susu. Hapo ndipo alipoelewa. Posho ilitiwa Jumamosi, wakala ya juu kwanza, na mwisho wa juma wakafika chini, kwenye pembe za debe ambako mchanga wake na majivu yake havikuingia. Tena alikumbuka bakuli la Susu. Kama debe ndilo mlango, basi yeye ndiye aliyeufungua. Aliogopa baba yake asifukuzwe kazi na wao kutolewa laini. Zaidi ya yote, aliogopa uso wa Kalondu.

Akajitafutia njia ya mkato. Kesho yake, Alhamisi, akitoka shule, angemwaga unga wa chini kimyakimya na kusema mbwa wameangusha debe. Hakuna ambaye angejua, na hakuna ambaye angeumwa tena. Usiku ule hakupata lepe la usingizi, lakini alishikilia shauri lake hilo.

Alhamisi alikimbia njia nzima kutoka shuleni, matope yakimrukia mpaka mgongoni. Alipokaribia nyumbani alisikia mama yake akipiga ukemi. Dismas alikuwa amelala sakafuni, povu mdomoni, mikono na miguu ikimtetemeka. Kando yake palikuwa na sufuria ya uji iliyokombwa, na debe lilikuwa wazi, tupu. Mtoto alikuwa amelia njaa tangu mchana, na mama akamkwangulia unga uliobaki.

Lori la kahawa lilikuwa likiondoka kwenda Thika. Baba alilisimamisha kwa kusimama katikati ya barabara. Wote wanne walipanda juu ya magunia, mama akimpakata Dismas, na mvua ikiwanyeshea. Aketch alimtazama mdogo wake akivuta pumzi kwa shida, mluzi ukitoka kifuani, na kila pumzi alidhani ndiyo ya mwisho.

Katika hospitali ya Thika, daktari alifunua kope za Dismas. Mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo sana, nukta mbili tu. "Mtoto huyu amekula au amegusa nini?" aliuliza upesi. "Niambieni sasa hivi."

"Uji tu, daktari," mama alilia. "Uji mtupu!"

Bwana Kagwe, ambaye ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya ua, aliitwa akaja mbio na daftari lake mkononi. "Hata Ijumaa haijafika," alisema kama anayejiuliza. Aketch alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, kisha akamtazama Dismas aliyekuwa akigeuka rangi midomoni.

"Ni debe!" alipaza sauti. "Ni debe la dawa ya kahawa. Mimi nililiiba nyuma ya stoo, nikalifuta picha. Nilidanganya. Yule Mhindi hakunipa kitu."

Mama Selpha aliweka mkono mdomoni. Daktari hakungoja, alimwita muuguzi na kutaja sindano, na mlango wa chumba ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi mpaka giza. Baba Nicanor hakumpiga Aketch wala kumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Mwishowe daktari alitoka akifuta paji la uso. "Nimemdunga tena na tena, na sasa anapumua vizuri," alisema. "Mngechelewa kuniambia, ningekuwa natafuta ugonjwa mwingine, naye angekwenda."

Aketch alilia mpaka akakosa sauti. Bwana Kagwe aliketi kando yake, na hakumwambia anyamaze.

"Na Susu?" Aketch aliuliza hatimaye.

Bwana Kagwe alifungua daftari, akatazama jina lile muda mrefu. "Siwezi kukudanganya. Nadhani ni unga uleule."

Jumamosi, kipande cha reli kiligongwa kama kawaida, lakini posho haikutolewa kwanza. Bwana Kagwe alisimama mbele ya stoo akiwa na debe la Aketch, na akawaeleza watu wote kwa nini madebe hutobolewa: si uchoyo, bali sumu huingia katika mishono ya bati, na hakuna majivu ya kuitoa. Kisha akangoja. Mwanamke mmoja alikwenda nyumbani akarudi na debe lake la maji. Mwingine akaleta la unga. Yalipokwisha kuletwa, pamoja na la Aketch yalikuwa madebe saba, yote ya dawa, na watu wakatazamana.

Mzee Ndambuki alikiri kwamba aliyaacha nje bila kuyatoboa kila alipokwenda kula. Bwana Kagwe hakumwachia yeye peke yake lawama. Alimwambia meneja, mbele ya watu wote, kwamba kosa la kwanza ni kutowaambia wafanyakazi kilichomo. Akaagiza madebe yatobolewe siku ileile dawa inapokwisha, na wapiga dawa wapewe maji na sabuni palepale kazini. Meneja alikunja uso, lakini agizo liliandikwa. Baba Nicanor hakufukuzwa.

Lililobaki lilikuwa la Aketch. Alitembea mpaka nyumba ya jirani, mama yake nyuma yake, akapiga magoti mlangoni. "Mama Kalondu," alisema, "bakuli nililowaletea lilitoka katika debe lile. Mimi ndiye niliyeliiba, na Bwana Afya aliponiuliza nikadanganya."

Kalondu alisimama ghafla, akaingia ndani na kufunga mlango. Mama Kalondu alibaki kwenye kigoda chake, machozi yakimtiririka.

"Simama, mtoto," alisema mwishowe. "Nilijua habari hii jana, Bwana Afya aliniambia. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja mwenyewe. Wizi wako ulikuwa wa mtoto anayetaka kumfurahisha mama yake, na hukujua kuna sumu. Hilo nalisamehe. Lakini siku ile ya Jumanne uliulizwa, na Dismas angeweza kuepushwa. Ukijua hatari halafu ukanyamaza ili usiaibike, mwingine ndiye atakayelipa kwa mwili wake. Sema mapema, hata kama unatetemeka. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi mpe Kalondu muda wake."

Alasiri hiyo Aketch alimwomba mzee Ndambuki sururu. Alitoboa madebe saba, moja baada ya jingine, huku manyunyu yakianza tena. Alipofika la mwisho, la kwake, alisikia hatua nyuma yake. Kalondu alikuwa amesimama, amejifunika shuka ya Susu. Alishika mpini wa sururu karibu na mikono ya Aketch, wakaiinua pamoja.