Upepo wa Saa Nane

Kila asubuhi Concilie, ambaye majirani humwita Mama Shalom, hupanda kutoka Kilibula kwenda kuchota maji kwenye chemchemi. Mtoto yuko mgongoni, bidoni, dumu lake la maji, iko mkononi. Zamani, pale chemchemi, Shalom alinyonya titi moja tu, bidoni ikawa imejaa. Tangu moto ulipoingia msituni mwaka jana, ananyonya yote mawili na bidoni haijafika nusu.

Msitu, ambao miti yake hutunza maji ya mvua, uko juu ya chemchemi. Chini ya msitu kuna shamba la mihogo la mume wake, Sévère. Mwezi wa tisa Sévère alifyeka nyasi, akasema atazichoma Jumamosi. Concilie akamwomba kwanza wamwite agronome, mtaalamu wa kilimo, Mama Fabiola.

Agronome alitazama nyasi, akatazama miti myeusi kule juu. Akamuuliza Sévère huwa anachoma saa ngapi.

"Saa nane. Nyasi inakuwa imekauka muzuri. Baba yangu alichoma vile."

"Mama Shalom, weye ni binti wa wavuvi wa Kalundu. Saa nane upepo iko inaenda wapi?"

"Unatoka ziwani, unapanda mulima," Concilie alijibu haraka. Kisha akamtazama mume wake.

Mwaka mzima Sévère alikuwa akiwalaumu wachoma makaa kwa moto ule wa msituni. Aliweka panga chini.

"Basi ni minye," alisema, akijishika kifuani. "Ni minye nilikausha maji ya mutoto wangu."

"Hukujua. Sasa unajua," Concilie alimwambia.

Agronome akawaeleza. Nyasi zitandazwe chini ya mihogo, zitunze unyevu. Upande wa msitu walime ukanda wa hatua sita, ubaki udongo mtupu. Miiba tu ndiyo ichomwe, katika marundo madogo madogo, asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Mtu asiondoke mpaka majivu yapoe kabisa.

Jumamosi asubuhi jirani yao Mathieu aliona bidoni za maji zimepangwa shambani, akacheka.

"Baba Shalom, unachoma shamba ao unabatiza?"

Sévère akampa jembe. Mathieu alilima nao mpaka jasho likamtoka. Wiki iliyofuata, wao walienda kulima ukanda kwake. Kabla ya mvua, mashamba yote tisa chini ya msitu yalikuwa na ukanda, na hakuna moto uliovuka kuingia msituni.

Sasa mwaka mwingine umepita, na Shalom ameacha kunyonya. Anapanda kwa miguu yake, na bidoni yake ndogo. Maji hayajarudi kama zamani. Lakini jana bidoni yake ilijaa kabla hajamaliza kunawa miguu.