Ukurasa wa Kumi na Nne

Kila jioni akitoka shule, Rehma aliweka mkoba kitandani, akavaa gauni la nyumbani na kwenda kuwasha jiko. Mkaa wa Kisumu wakati wa mvua una kiburi chake. Haushiki bila kubembelezwa. Ndiyo maana pembeni mwa meza ya Mama palikuwa na boksi la karatasi za kuwashia. Rehma alikunja mbili tatu, akazipenyeza chini ya mkaa, akapepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka machozi yakamtoka.

Mama yake, Bi. Zamzam, alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alikuwa mwandishi. Mara mbili alipeleka mswada wake kwa wachapishaji Nairobi, na mara mbili ukarudi na barua ya adabu: maisha ya mwuza samaki wa Asembo Bay hayangepata wanunuzi. Mara ya pili Mama alilia kidogo, akajifuta, akasema, "Basi nitakitoa mwenyewe." Majirani walicheka hadi wakachoka.

Mwuza samaki huyo alikuwa Mama Beldina, aliyewaletea samaki wa ngege mlangoni tangu Rehma hajazaliwa. Mama aliketi naye kibarazani siku nyingi, akaandika yote aliyosimulia. Kwa kuwa karatasi zilikuwa ghali, aliandika nyuma ya fomu zilizoharibika ofisini. Fomu hizo hizo ndizo zilizojaa kwenye boksi la jiko.

Mwalimu Gordon, mkuu wa shule ya jirani, alikubali kuwaazima mashine ya kudurufu Jumamosi moja tu. Kabla ya siku hiyo ilibidi kila ukurasa upigwe taipu kwenye stensili, ile karatasi laini ya nta ambayo herufi huitoboa ili wino upite. Mama alimfundisha Rehma taipu tangu darasa la nne, na sasa akampa kurasa kumi za mwisho. Rehma alivimba kichwa kwa fahari.

Ijumaa alimaliza ukurasa wa kumi na tatu, akafungua wa kumi na nne. Haupo. Alitafuta chini ya meza, chini ya kitanda, hata ndani ya vitabu vyake vya shule. Kisha akakumbuka. Jana yake upepo wa ziwani uliangusha karatasi sakafuni, naye kwa haraka akaokota baadhi na kuzitia kwenye boksi la jiko. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa umepika ugali wa jana.

Hakuwa hata ameusoma. Ukurasa uliotangulia uliishia Mama Beldina akiondoka Asembo Bay na kikapu chake. Uliofuata ulimkuta tayari ana nafasi sokoni Kisumu. "Katikati ni safari tu," Rehma alijiambia. Akaitunga. Akaweka dereva mcheshi na wanawake walioimba mpaka wakapita Kisian, karibu na kuingia Kisumu. Kusema kweli, alifurahia kuiandika.

"Umelinganisha na mswada?" Mama aliuliza aliporudi, macho mazito kwa uchovu.

"Ndiyo, Mama. Zote."

Mama alimbusu kwenye paji la uso, hakukagua tena.

Jumamosi walidurufu vitabu hamsini, wakavibana pini, wakarudi nyumbani wino ukiwa hadi viwikoni. Jumapili Mama Beldina alifika akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili.

"Hii yote ni mimi?"

"Yote ni wewe, Mama Beldina," alisema Bi. Zamzam.

"Mimi hapana jua kusoma. Rehma, nyathina, mtoto wangu, hebu somea mimi pale iko Anyango."

"Anyango?" Rehma aliuliza.

"Si ulimpiga taipu mwenyewe? Ukurasa wa kumi na nne," Mama alisema, akaingia jikoni kuandaa chai.

Mama Beldina alilainisha jalada kwa kiganja. "Mtoto yangu ya kwanza. Siku ile natoka Asembo Bay nilikuwa nabeba yeye mgongoni, homa imeshika yeye. Kufika Kisian, akanyamaza. Hapana picha, hapana kitu. Jina yake iko hapa kwa kitabu peke yake."

Rehma alifungua ukurasa. Wanawake walikuwa wanapita Kisian wakiimba.

Angeweza kutamka lolote. Mama alikuwa jikoni, na mama huyu mzee, aliyefumba macho akisubiri, asingejua kilichoandikwa na kisichoandikwa. Rehma alikifunga kitabu.

"Hayupo," akasema, akaangua kilio. "Nilichoma karatasi yake bila kujua. Nikaandika mambo yangu. Nisamehe."

Alipoinua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai.

"Kunidanganya mimi ni jambo moja, Rehma," alisema polepole. "Lakini huyu alinikabidhi mtoto wake."

Kisha Mama Beldina akavuta kiti karibu na meza. "Wacha kulia, nyathina. Kama wewe ungenyamaza, Anyango angepotea kabisa. Mimi bado nakumbuka. Leta kalamu."

Akasimulia upya, Mama akaandika, na Rehma akapiga taipu neno kwa neno. Jumatatu asubuhi walimsihi Mwalimu Gordon awafungulie mashine mara moja tu zaidi. Jioni ile Rehma alibandua pini za vitabu vyote hamsini kwa ncha ya kisu ili abadilishe ukurasa, zikamchomachoma vidole, wala hakulalamika. Kurasa za uongo alizirundika, akazisogeza kuelekea kwenye jiko.

Mama aliuchukua mmoja, akausoma hadi mwisho.

"Hii si kazi mbaya," alisema. "Huyu dereva amenichekesha. Huu uweke."

Rehma alimtazama bila kuelewa.

"Uweke kwenye kitabu chako, chenye jina lako. Kutunga si kosa, mwanangu. Kosa ni kutunga maisha ya mtu aliyekuamini, kisha ukasema ndiyo kweli yake. Wachapishaji wakubwa wana watu wa kuwakagua. Sisi tunaotoa vitabu wenyewe hatuna mwingine wa kutukagua. Mtu akinunua, ananunua neno letu. Ukikosea, sema mapema. Karatasi tutapata nyingine."

Mama Beldina alirudi Jumatano. Rehma alimsomea ukurasa wote, taratibu, mpaka mwisho. Yule mama akamshika mkono.

"Iko wapi? Nionyeshe."

Rehma alimwelekeza kidole chake kwenye mstari wa tatu. Mama Beldina alikipitisha juu ya herufi zile saba, akarudia tena, akalisema jina la mwanawe kwa sauti.