Wanafunzi Kumi na Wawili wa Fundi

Walikutana kwenye duka la kompyuta siku ya punguzo la bei, watu wamebanana mpaka mlangoni. Mwalimu wa hesabu, ndani ya gauni la manjano na viatu vinavyombana, alimkanyaga fundi mitambo mguu, kisha akamkunjia uso.

"Samahani, mama. Mguu wangu ulikuwa njiani."

"Mama yako mimi? Hebu nitazame vizuri."

Alimtazama vizuri. Wiki ile ile akamtengenezea darasa la mtandaoni: ubao ambao wanafunzi huandika juu yake kwa kidole kutoka makwao, na chini yake vitufe viwili, Nimeelewa cha kijani na Sijaelewa chekundu.

Mapenzi yakakolea kwa simu.

"Umekula, Fundi?"

"Nakusubiri unipikie."

"Basi utakufa njaa, mpenzi."

Ila waliojiandikisha walikuwa tisa tu. Mwalimu akanyong'onyea, na fundi hakuweza kuvumilia kumwona hivyo. Akabuni wanafunzi wengine kumi na wawili, majina na picha, akaupanga mtambo uwabonyezee Nimeelewa kila wanapoulizwa. Wanasema mapenzi ni upofu. Huu ulikuwa ujinga mtupu. Mwalimu alichangamka. Akiuliza, skrini inajaa kijani, naye anasonga mbele, mada baada ya mada.

Mtihani ukaja. Kati ya wale tisa, saba walianguka. Wale kumi na wawili hawakuonekana kabisa. Mwalimu akapiga simu.

"Fundi, hawa watoto ni wa nani?"

"Ni wangu. Niliwabuni. Nilitaka ufurahi tu."

"Kumbe nimewaacha watoto wa watu nyuma, nakimbizana na hewa."

Hakulia, hakufoka. Alikata simu, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mwezi mzima hakuhisi kitu: si hasira, si hamu, hata chai haikuwa na ladha. Aliwafuta wale wa kubuni, akarudi sura ya kwanza na wale tisa, akimuuliza kila mmoja kwa jina lake. Fundi alipiga simu kila alasiri. Mwalimu alipokea, akasema "mzima," akakata.

Siku moja fundi hakusalimia.

"Shangazi anataka kuja kwenu kuniposea. Bado unanipenda?"

"Sijui. Nimekufa ganzi. Wewe unanipenda?"

"Sana!"

"Kwako kila kitu ni ndiyo. Nitakuaminije? Niambie moja linalokuudhi kwangu."



"Mkali wewe. Nilibuni wale watoto kwa sababu nilikuogopa, huruma ilikuja baadaye. Na ukifundisha unakwenda mbio mno. Hata bila ujinga wangu, wapo ambao ungewaacha."

Ilimuuma. Akashika ukingo wa meza, akishangaa kwamba imemuuma. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke mpaka kidevuni.

"Mwalimu? Nimekosea tena?"

"Ninyamazie kidogo, nalia," akasema. "Mwambie shangazi aje Jumamosi."