Chumvi ya Mama Ndani ya Sabuni

Godelive aliishi Butembo na bwana yake, Vagheni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na karakana ya sabuni ya marehemu mama yake. Ilikuwa imefungwa miaka mingi. Lakini mwaka 1999 vita vilifunga barabara, na sabuni za kiwanda zikawa chache sokoni. Godelive akawasha moto tena.

Alichoma maganda ya ndizi. Akapitisha maji katika majivu yake, akapata maji makali. Akayachemsha na mafuta ya mawese, kama mama yake. Sabuni ikatoka laini kama bugali ya maji mingi. Akaiuza kesho yake.

Siku ya tatu Myriam, mmoja wa walionunua, alirudi. Alikuwa amekimbia vita Mbau na watoto wanne. Mikono yake ilikuwa myekundu.

"Mama Godelive, sabuni yako inaunguza! Batoto banalia."

Godelive aliona haya. "Nafunga," alimwambia Vagheni. "Ninaharibisha jina ya mama."

"Hapana funga. Tuite Madame Kapinga."

Kapinga, jirani yao kutoka Kasai, alifundisha chimie, yaani kemia, shuleni. Alitazama sabuni.

"Maji makali imebakia ndani," alisema. "Mama yako alitiaka nini tena?"

"Majivu na mafuta, basi. Kulikuwa tu mufuko ya chumvi kutoka Kyavinyonge. Lakini ile ilikuwa ya kupikia bafundi sombe, majani ya muhogo."

"Mufuko muzima?" aliuliza Vagheni. "Bafundi balikuwa ngapi?"

"Babili."

Kapinga alicheka mpaka akashika ukuta.

"Godelive, ile chumvi ilikuwa ya sabuni! Unaitia wakati sabuni ingali inachemka. Sabuni inapanda juu, maji makali inabakia chini. Unaitoa ile sabuni, unaiosha na maji ya chumvi. Kisha unaikausha wiki ine. Na yale maji makali, hapana gusa na mikono. Batoto basifike karibu."

Walifanya hivyo. Sabuni ilipanda juu, Godelive akapiga vigelegele. Watu walimsihi auze mapema.

"Hapana. Wiki ine!"

Wiki nne zilipotimia, alinawa mikono yake kwanza kwa sabuni hiyo, mbele ya watu wote. Haikuwasha. Ndipo akampa Myriam kipande kigumu, kizuri. Myriam akawaogesha watoto wote wanne palepale uani. Yule wa mwisho alicheza na povu, akakataa kabisa kutoka ndani ya beseni.