Mkasi Ndani ya Sabuni

Kila asubuhi mtaa uliamshwa na moshi wa Mvuke. Mkewe, Mama Povu, alikuwa mfuaji wa nguo. Mke alifua, mume alikoka moto. Pipa lao likichemka, kifuniko kilirukaruka kama kinataka kutoroka.

"Doa likikaidi, lichemshe," Mvuke alipenda kusema. "Mbele ya moto hakuna jeuri."

Lakini mashuka ya wodi ya wazazi yalileta jeuri. Hospitali ilimpa Mama Povu furushi la kumjaribu. Akifaulu, kazi ya wodi nzima ni yake. Akachemsha, akasugua, akachemsha tena mpaka vidole vikachubuka. Madoa ya damu yakageuka rangi ya kutu, yakang'ang'ania kama kupe.

Mkuu wa wodi aliinua shuka moja kwa ncha za vidole.

"Mama, nimlaze mzazi juu ya ramani hii? Nakupa furushi la pili. Likirudi hivi, kazi inakwenda kwa wenye mashine."

Mama Povu alirudi nyumbani, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa. Hapo ndipo wifi yake alipomkuta. Wifi huyu alikuwa dada wa Mvuke, na alifanya kazi katika maabara ya kuchunguza protini.

"Wifi, leo povu limekauka?"

"Nitanie kesho. Leo nimeumia."

Akamweleza yote. Wifi akalitazama pipa, akatikisa kichwa.

"Mhalifu ni kaka yangu. Niletee mayai mawili na vitambaa viwili."

"Mimi nina shida, wewe una njaa!"

Wifi akapasua yai juu ya kila kitambaa. Kimoja akakifikicha kwenye maji baridi. Yai lote likatoka. Cha pili akakitumbukiza kwenye pipa lililokuwa likitokota. Alipokitoa, yai lilikuwa limeiva na kushikamana na nyuzi.

"Haya, fua."

Mama Povu akasugua, akasugua. Ghafla akasita.

"Mungu wangu! Kumbe nilikuwa napika damu."

"Umeipika ndani ya nguo. Damu imejaa protini, kama yai. Protini ni mnyororo, mfano wa shanga zilizotungwa. Mnyororo hujikunja wenyewe ukapata umbo, na umbo ndilo linaloupa kazi. Moto huukunjua. Basi minyororo inashikana ovyo, inaganda kwenye nyuzi."

Akachukua pakiti ya sabuni ya unga.

"Na humu pia mna protini. Inaitwa kimeng'enya. Ubavuni ina kishimo. Kimeng'enya hakishiki kitu mpaka maumbo yalingane, kama chupa na kizibo chake. Mnyororo wa damu ukiingia kwenye kishimo hicho, unakatwa. Vipande vinaondoka na maji."

"Mkasi!"

"Mkasi hasa. Sasa ukiutia kwenye maji yanayochemka?"

"Nao unakunjuka." Mama Povu akasimama wima. "Yaani miaka yote hii nanunua mkasi, nauyeyusha?"

"Onyo limeandikwa hapa."

Mama Povu akatazama. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, na lugha ilikuwa ya kigeni. Hasira ikampanda.

"Aliyetengeneza alijua. Aliyeuza alijua. Anayefua ndiye hakuambiwa!"

Alimkumbuka mchuuzi wa sabuni, siku ya kwanza alipopita mtaani na kipaza sauti: "Maji ya moto, akina mama! Maji ya moto!" Neno hilo hakulisahau.

Mvuke, aliyewasikia tangu nje, akaingia na mzigo wa kuni. "Na huo mkasi mmeuona kwa macho gani?"

"Macho hayauoni, kaka. Tunazigandisha protini ziwe fuwele, kama punje za chumvi. Tunazimulika kwa eksirei, kompyuta inatuchorea umbo. Tukijua shanga ipi iko wapi, tunabadilisha moja, kisha tunajaribu. Mkasi wa sabuni ulitokana na vijidudu vya udongoni. Wataalamu wakaubadilisha shanga kadhaa, ukaweza kustahimili sabuni na kukata hata kwenye maji baridi."

"Mkikosea je?"

"Tunakosea kila leo! Juzi wangu ulikataa kabisa kukata."

"Butu kama ahadi za mume wangu," alisema Mama Povu. Wote wakaangua kicheko, na Mvuke pia.

Furushi la pili lilipofika, Mama Povu alivaa glavu. Akasuuza mashuka kwa maji baridi. Akayaloweka kwenye maji baridi yenye sabuni, akayaacha. Mvuke akalizunguka pipa lisilo na moto kama jogoo aliyenyeshewa.

"Ndiyo nimeachishwa kazi?"

"Subiri zamu yako," alisema wifi.

Mashuka yakatoka bila doa. Wifi akapiga makofi. "Koka sasa! Damu imekwisha, lakini vijidudu vya maradhi vingalipo. Hivyo ndivyo vya kuchemshwa!"

Mvuke akapuliza mpaka ndevu zikajaa majivu.

Mkuu wa wodi alielekeza shuka kwenye jua. Akaligeuza. Akatafuta doa, akalikosa.

"Haya ni yetu kweli?"

"Tazama muhuri wenu, mama."

"Basi kesho njoo uchukue ya wodi nzima."

Mvuke, aliyekuja na furushi begani, akapiga kigelegele, mwanamume mzima.

Jioni yake mchuuzi akapita. "Maji ya moto, akina mama!" Mama Povu akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mama, hicho ni cha kazi!"

"Na mimi nina kazi nacho. Enyi mnaofua! Doa la damu, la yai, la maziwa: maji baridi kwanza! Ndani ya sabuni mna mkasi, msiupike! Moto uje mwisho!"

Milango ikafunguka. "Nani kakuambia?" jirani akauliza.

"Wifi yangu, na yai!"

"Sasa kuni zote hizo za nini?"

Mvuke akainua sufuria juu. "Za mayai! Njooni tule!"