Mbuzi wa Mzee Meitamei

Muno alikuwa akisugua sufuria nje ya nyumba yao Kitengela, kama alivyofanya kila siku baada ya shule, mgeni alipoingia langoni akivuta mbuzi kwa kamba. Alikuwa mzee mrefu aliyejifunga shuka jekundu. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini.

"Sopa, mtoto. Hapa ni kwa Adow, yule hununua mbuzi?"

"Ndiyo, Mzee. Lakini baba amesafiri, yuko Garissa."

"Si yeye ninayemtafuta. Namtafuta yule mdogo asiye na maziwa."

Mama yake Muno, Asho, akatoka akiwa amembeba Bishar. Tangu mama augue, maziwa yake yalikuwa yamekauka. Bishar alikuwa ameanza kutembea, kisha akaacha kwa udhaifu. Ulikuwa mwaka wa 2000, na kiangazi kilikuwa kimewamaliza ng'ombe na mbuzi kote Kajiado.

"Mimi ni Meitamei," mzee akasema. "Adow aliniambia sokoni kuhusu huyu mtoto. Mbuzi wangu alifiwa na mtoto wake. Maziwa ni yenu, yachemsheni vizuri. Lakini mbuzi mwenyewe ni wa boma langu. Mvua ikinyesha na majani yakiota, mnirudishie. Niko Kisaju, karibu na bwawa."

"Nitamleta mimi mwenyewe, Mzee," Muno akasema haraka.

Mzee akacheka. Akatema mate kidogo kiganjani mwa Muno kumbariki, kama wazee wa Kimaasai wafanyavyo, akaenda zake.

Wakamwita mbuzi Caano, yaani maziwa kwa Kisomali. Muno alimkatia majani ya miti kando ya reli na kumkamua asubuhi na jioni. Mashavu ya Bishar yakajaa. Siku moja alimfuata Caano uani kwa miguu yake mwenyewe, na mama akalia kwa furaha.

Kisha mvua ikanyesha. Majani yakaota. Hakuna aliyekuja kumuulizia mbuzi, na nyumbani hakuna aliyemtaja Mzee Meitamei.

Wiki moja baadaye, Mwalimu Jacinta aliandika maneno matatu ubaoni: give, lend, borrow.

"Mnayachanganya sana haya," alisema. "Ukifanya 'give', umetoa kabisa, hungoji kitu kirudi. Ukifanya 'lend', unampa mtu atumie, halafu akurudishie. Yule anayepokea kwa muda ndiye anafanya 'borrow'. Haya, nataka sentensi ya kweli, ya nyumbani kwenu."

"My brother borrows my shoes," Kiragu akasema, "na hurudi zikinuka!"

Darasa likacheka. Muno akasimama.

"An old man gave us a goat."

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

"Wee, mbuzi mzima, bure?" Kiragu akauliza. "Huyo mzee anaishi wapi? Mwambie niko na nafasi hata ya ng'ombe!"

Wote wakacheka tena, isipokuwa Muno. Yeye hakuwa amechanganya maneno. Alikuwa amechagua.

Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu. "Mwalimu, sentensi yangu haikuwa ya kweli. Yule mbuzi tuliazimwa. Nilisema 'gave' kwa sababu sitaki aende. Ndugu yangu atakunywa nini?"

Mwalimu Jacinta akaweka chaki chini. "Basi umeelewa haya maneno kuliko darasa zima. Muno, huyo mzee aliwatendea wema mkubwa. Mshukuru kwa kile alichofanya, si kwa kile ungependa awe amefanya."

Jioni Muno alimweleza mama yake. Mama akamtazama Bishar.

"Nami nimekuwa nikiomba mzee asikumbuke," akasema. "Mungu anisamehe. Bishar sasa ana nguvu, uji utamtosha. Jumamosi tutaenda, mwanangu."

Jumamosi walimkuta Mzee Meitamei akitengeneza ua wa boma. Alimpapasa Caano mgongoni, akaridhika.

"Amenona. Ashe oleng, asanteni sana."

"Mzee, mbona hukuja kumchukua?" Muno akauliza.

"Nije kwa nini? Ulisema utamleta." Akageuka kumwita msichana aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Huyu ni wa jirani yangu. Kwao ng'ombe walikufa wote, na wako na mdogo kama wenu. Nilimwambia avumilie, mbuzi yuko njiani."

Mama akamkumbatia Bishar. "Mzee, mwanangu anatembea kwa sababu yako," akasema. "Na sasa, Muno, mtoto mwingine atatembea kwa sababu umetimiza neno lako."

Machozi yalimlengalenga Muno. Akampa yule msichana kamba.

"Anaitwa Caano," akamwambia. "Usimkamue ukiwa upande wa kulia, atapiga teke. Njoo huku kushoto, nikuonyeshe."